Dumu la Mlango wa Nyuma

"Ng'ombe wako alipokula mahindi yangu nilinyamaza," Mzee Urbanus alikuwa anasema, kidole chake kikikaribia pua ya jirani yake. "Nikasema mnyama huyo, hana akili. Lakini samaki, Machibya? Samaki walikukosea nini?"

"Samaki wako sijawagusa, mzee."

"Hukuwagusa wewe. Dawa yako ndiyo iliyowagusa."

Ua ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye michongoma, na wote wakaguna kwa pamoja. Sajini Letisia alikuwa ameshuka kwenye basi la Kilosa muda si mrefu, begi lingali begani, gauni la kitenge limemkaa kama mama yeyote aliyekuja Mikumi kusalimia ndugu. Hakujitambulisha. Ugomvi wa majirani akiukuta katikati, alizoea kuuacha uendelee kidogo, maana watu wenye hasira huambiana bure mambo ambayo askari akiyauliza hupewa robo. Akajipenyeza hadi kwa mama mmoja mnene mwenye unga mikononi, akamwuliza kwa sauti ya chini kulikoni.

Alikuwa amempata mtu wake. Huyo alikuwa Costancia, mwenye duka lililotazamana na nyumba ile, na habari za mtaa alikuwa nazo kama alivyokuwa na sukari na mafuta ya taa: zimekwisha pimwa, zinasubiri mteja tu.

Alimsimulia kwamba Mzee Urbanus, mtu wa Vidunda, alifanya kazi ya serikali ya mambo ya samaki huko pwani mpaka akaota mvi. Walipopunguzwa kazini, wenzake walirudi makwao na mabati na cherehani. Yeye alirudi na tangi la kioo, refu kama kitanda. Watu walimcheka mpaka siku alipowasha taa zake. Ndani ya maji ya chumvi mlikuwa na matumbawe yaliyo hai, yanafunguka na kufumba kama maua, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Bahari nzima, sebuleni, Mikumi. Maji aliletewa na madereva wa malori ya Dar wanaolala pale njiani. Pampu na taa zilitoka Dubai, kwani siku hizi Kariakoo mtu unakosa nini. Tangu hapo hakuna jioni ambayo nyumba ile ilikosa watu. Hata televisheni ya baa iliachwa ikijitazama yenyewe.

Kisha mzee akaugua, akalazwa Kilosa karibu masika yote. Aliporudi juzi, alikuta nusu ya viumbe vyake vimekufa.

"Na huyo bwana?" Letisia akauliza.

Huyo alikuwa Machibya, Msukuma, aliyefika na ng'ombe wake miaka michache iliyopita na kujenga mwisho wa mtaa. Costancia, kwa macho yake haya mawili, alikuwa amemwona alfajiri akitoka mlango wa nyuma wa Urbanus, na si mara moja. Dumu lake likakutwa palepale. Nani asiyejua kwamba anaweka nyumbani dawa ya kuogeshea ng'ombe? Kikao cha mtaa kilikwisha kaa. Polisi wakithibitisha tu, Machibya ahame na mke, watoto na ng'ombe kabla ya Jumapili.

"Eti wanamleta askari kutoka Kilosa," Costancia akamalizia. "Na wewe mwenzangu ni mgeni wa nani?"

"Mimi ndiye askari mwenyewe," Letisia akasema, akamshukuru kwa maelezo, akapita mbele. Costancia akabaki ameshika mdomo kwa mkono wenye unga.

Alimpa Urbanus shikamoo yake, akaitikiwa marahaba ya mkato. Akamsalimu Machibya, mtu mrefu wa makamo aliyekuwa amesimama wima, kofia mkononi. Nyuma yake, nje ya michongoma, alisimama mkewe Limi, ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Letisia akaomba watu wote wabaki uani, akaingia sebuleni na wenye nyumba tu.

Alilitazama tangi bila kulishika. Samaki walikuwa wanapumua haraka haraka, vinywa wazi. Matumbawe mengi yalikuwa meupe, mengine yamejikunja. Ukingoni mwa kioo, mahali maji yalipofika na kushuka, palikuwa na utando mweupe mgumu. Akaukwangua kwa ukucha, akaonja, akafuta ulimi kwa leso. Chini, kwenye mchanga, kaa mdogo aliyebeba ganda la kome mgongoni alikuwa anakokota mzigo wake juu ya jiwe, ana haraka utadhani anawahi basi.

"Nani alitangulia kufa?"

Mama Magreti, mke wa Urbanus, ndiye aliyejibu. Kilitangulia kiti cha pweza, yule kiumbe kama nyota, akalegea na kukatika mikono. Wakafuata konokono. Kisha matumbawe yakaanza kuwa meupe, polepole, wiki hadi wiki.

"Si kwa siku moja?"

"Hapana, mwanangu. Polepole."

"Na kaa?"

"Huyo ndiyo kwanza ananenepa."

Letisia akamgeukia Urbanus. "Mzee, wakati unaondoka ulimwachia mama maagizo gani?"

"Chakula kidogo asubuhi. Taa zizimwe jioni. Umeme ukikatika, jenereta. Maji yakipungua, aongeze."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Mtoto wa darasa la pili angeweza."

"Maji ya namna hii hayana kipimo?"

Kilikuwapo. Kifaa cha kioo kinachoelea, kikipanda au kushuka kulingana na chumvi. Urbanus akanyoosha mkono kuelekea kabati, na Mama Magreti akainamisha uso. Kilivunjika, akasema. Nyumba ilijaa watu, mtu mmoja akageuka vibaya, na yeye akakosa moyo wa kumpelekea mgonjwa habari hiyo hospitalini.

"Kwa hiyo tangu urudi juzi, mzee, hujapima?" Letisia akauliza.

"Nipime nini?" Urbanus akajibu. "Nilipoliona lile dumu niliacha kutafuta."

Wakatoka nyuma. Dumu lilikuwa kando ya mlango, dumu la manjano la mafuta ya kula, na ubavuni limechomwa alama ileile iliyokuwa kwenye mapaja ya ng'ombe wa Machibya: duara lenye mkia. Ndani yake maji yalikuwa nusu. Hatua tatu tu kutoka hapo, chini ya mchirizi wa bati, palikuwa na pipa la Urbanus la kukingia mvua. Letisia akalifunua. Lilikuwa limejaa hadi kufurika, juu lina utando wa kijani, na viluwiluwi vya mbu vikicheza ngoma yao. Akalifunika tena, akaagiza aitwe Machibya.

"Dumu ni lako?"

"Ni langu, afande."

"Ulilileta mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alfajiri?"

"Alfajiri."

"Mlango wa nyuma, watu wamelala. Ndani kuna nini?"

Machibya akatazama kofia yake. "Hayo ni mambo yangu na mzee," akasema, na kutoka hapo hakuongeza neno. Letisia alimweleza wazi kwamba ukimya ule ungemwondoa Mikumi. Akasema anajua. Limi akamsemesha Kisukuma kutoka ng'ambo ya michongoma, kwa ukali wa mke aliyechoka, naye akatikisa kichwa tu.

"Basi niletee kupe," Letisia akasema.

Walidhani hawakusikia vizuri. Alirudia: kupe, walio hai, kutoka kwenye ng'ombe ambaye hajaogeshwa karibuni. Na chupa ya dawa yenyewe. Kicheko kilipita uani, na mtu mmoja akauliza kama polisi wa Kilosa siku hizi wanakula hivyo. Limi ndiye aliyekwenda. Akarudi na kupe kwenye jani la mgomba na chupa mkononi. Letisia akaomba vikombe viwili vya bati. Kimoja akatia maji ya dumu. Cha pili akatia maji ya bomba na dawa, kwa kiasi ambacho Limi alimwonyesha ndicho wanachotumia. Akagawa kupe sawa kwa sawa, akakaa kwenye kigoda, akaomba chai.

Chai ilinywewa, watu wakaja kuchungulia mmojammoja. Alipokuwa anasubiri, Letisia aliwaeleza waliokuwa karibu kwamba yeye alikulia chini ya josho moja la kuogeshea ng'ombe upande wa Magole. Kila josho lilipomwagwa, mtoni walikufa kaa kwanza, kabla samaki hawajajua kitu. Dawa inayomtafuta kupe humpata na kaa, hao wote ni ndugu wa miguu mingi. Chai ya pili ilipoisha, kupe wa kikombe cha dawa walikuwa wamekunja miguu. Wa kikombe cha dumu walikuwa wanapanda ukingoni kutafuta mtu wa kumng'ata.

"Dumu hili halina dawa," Letisia akasema kwa wote. "Na tangi lile halijawahi kuingia dawa, ama sivyo yule kaa angetangulia."

Hawakupenda. Mtu akikaa siku mbili nzima na adui wake tayari mkononi, kumpokonya ni kazi. Mzee Urbanus akasema basi itakuwa sumu nyingine. Letisia hakubishana naye. Alimfuata Mama Magreti jikoni, ambako kuku alikuwa anatokota kwa ajili ya kumshukuru Mungu kwamba mume amerudi mzima, akafunga mlango.

"Mama, maji yalipopungua uliongeza ya wapi?"

"Ya bahari, mwanangu. Samaki wa bahari utawapa ya nini?"

"Na uliyapata wapi, mzee hayupo?"

Hapo mama akang'aa uso, na habari ikatoka kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Watu walimpenda mzee wake kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Mgonjwa yuko Kilosa, nauli hawana, na mikono mitupu hakuna anayekuja kujulia hali. Kila mtu akafikiri nyumba hii inapenda nini. Wakaagiza maji ya bahari kwa madereva. Mwingine chupa, mwingine dumu, hata mwalimu wa kwaya alituma kidumu kutoka Bagamoyo. Na mgeni akija na maji yake atafanywaje? Huwezi kuyaweka pembeni kama humtaki. Alimkaribisha sebuleni, akafunua tangi, akamimina kidogo mbele yake ili aone kwamba zawadi yake imepokelewa. Nafasi haikukosekana, jua lilikuwa kali kati ya mvua na mvua, na watu wakiangalia kifuniko kiliachwa wazi, maji yakawa yanakauka yenyewe. Mengine aliyakuta asubuhi mlango wa nyuma, akajua dereva kapita akayaacha. Hakuwahi kulala bila kuwaombea wote.

"Na mchuzi huu," Letisia akasema, akionyesha chungu, "ukiusahau ukakauka nusu, kisha ukaongeza mchuzi mwingine wenye chumvi yake, ukakauka tena?"

Mama Magreti alikitazama chungu. Akakaa juu ya gunia la mkaa.

Hata hivyo hiyo ilikuwa hoja ya jikoni, na mtaa uliokwisha kuhukumu ulihitaji kitu cha kuona kwa macho. Bahati ikasimama barabarani ikipiga honi. Lupakisyo, dereva wa Mbeya aliyekuwa akilala Mikumi kila safari, aliingia na dumu begani, maji ya bahari ya jana, kwa sababu alikuwa amesikia mzee karudi. Letisia alimpokea kwa mikono miwili. Akamwomba Costancia mizani ya dukani na chupa mbili kubwa za kreti moja.

Mizani ikawekwa juu ya meza katikati ya ua. Chupa moja ikajazwa maji ya Lupakisyo mpaka mdomoni, ya pili maji ya tangi mpaka mdomoni. Zikapandishwa. Upande wa tangi ukashuka.

"Chupa hazilingani," mtu akasema, na Letisia akamshukuru kwa kulisema. Akamwaga, akasuuza, akabadilisha: maji ya tangi kwenye chupa ya kwanza, ya dereva kwenye ya pili. Ukashuka tena upande wenye maji ya tangi.

Mzee Urbanus alisukuma watu akafika mezani. Hakuna aliyelazimika kumweleza. Aliitazama mizani, akaitazama nyumba yake, na alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

"Maji huondoka na hewa," akasema. "Chumvi haiondoki. Yakipungua unaongeza maji ya mvua, matupu. Ya bahari ni siku ya kubadilisha tu. Nilimwambia aongeze. Nilijua kila mtu anajua aongeze nini."

Uani kila mtu akawa anahesabu madumu yake. Lupakisyo alilitazama lake, akalisogeza nyuma ya mguu. Costancia, aliyepeleka mara nyingi kuliko wote na kusimama mpaka aone yamemiminwa, alianza kupangusa mizani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mzee," Letisia akasema, "kwa chumvi iliyoingia masika yote, hao samaki waliobaki wangekuwa hai?"

Urbanus akafikiri. "Hapana. Wala kipande cha tumbawe."

"Bado kuna maji hatujayapima."

Akaliinua dumu lenye alama ya ng'ombe, akajaza chupa mpaka mdomoni, akaiweka mizanini kushindana na maji ya bahari. Ilipanda juu mara moja. Urbanus akachovya kidole kwenye dumu, akaonja. Akachovya tena.

"Haya hayana chumvi hata chembe," akasema. "Haya ni ya mvua."

Wote wakamgeukia Machibya. Alikuwa anatafuta pa kuweka macho, na safari hii hapakuwa na pa kuyaweka.

"Ni ya bati langu," akasema. "Kila mtu alileta ya bahari. Mimi bahari sijawahi kuiona, na dereva simjui hata mmoja. Lakini mwanangu Shimba alipopata degedege, huyu mzee ndiye aliyekwenda kusimama katikati ya barabara, akazuia lori, akampakata mpaka hospitali. Sasa yeye anaumwa, mimi nikae tu? Nikakinga yaliyo safi. Nikaleta mapema, mama asije akanikaribisha, akafunua, akaona nimemletea maji ya bure."

Limi alikuwa ameingia ndani ya ua sasa, na alimtazama mumewe kama mtu aliyemwambia jambo mara nyingi na hatimaye akasikilizwa.

"Yale ya mlango wa nyuma," Mama Magreti akasema. "Nilikuwa naanza na hayo. Kila asubuhi nilianza na hayo."

Letisia alieleza kwa ufupi, kama ambavyo angeandika baadaye kituoni: hakuna sumu, hakuna kosa, hakuna mtu wa kuhama. Kilichoua ni zawadi nyingi za watu wema, na kilichookoa ni zawadi ya mtu mwema mwingine. Akamtazama mwenyekiti wa kikao cha mtaa, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya Lupakisyo, na mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali haraka kuliko alivyoitisha kikao.

Urbanus alikuwa amelifunua pipa lake. Aliuangalia ule utando wa kijani na vile viluwiluwi, akalifunika.

"Baba Shimba," akaita. Mpaka hapo alikuwa amemwita Machibya tu. "Tangi halitaki pupa. Nikipunguza chumvi kwa siku moja, watakufa waliobaki. Inatakiwa jagi la maji matupu asubuhi, jagi jioni, na kutoa kidogo ya ndani, mpaka yatulie. Pipa langu limeharibika. Kwako yapo?"

"Lipo pipa zima, mzee. Limefunikwa."

"Naomba."

"Hayo si ya kuomba."

"Nayaomba," Urbanus akarudia. "Nimekutukana mbele ya watu, kwa hiyo nayaomba mbele ya watu. Na samahani ninayokupa ni hii hii, sina nyingine kubwa zaidi."

Machibya akasema yamekwisha. Walishikana mikono, wakaiacha ikae imeshikana kwa muda. Uani watu wakaanza kupumua. Lupakisyo akaahidi kwamba kipimo kingine cha kioo atakitafuta Dar kwa gharama yake. Mtu akauliza kama kuanzia sasa wagonjwa wapelekewe ndizi, kicheko kikarudi, na Costancia ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, kisha akavuka barabara akarudi na mchele kwenye ungo, akampa Mama Magreti bila maelezo. Letisia akalichukua begi lake, na mara mbili akanyang'anywa: basi la Kilosa lipo na la jioni, afande, kuku hawezi kuchinjwa halafu mgeni aondoke na njaa.

Mikeka ikatandikwa sebuleni mbele ya tangi. Watu wakawa wanaingia. Machibya alibaki nje, akamwambia mkewe waende, ng'ombe wanasubiri.

Urbanus akatoka na birika na beseni. Kazi ya kunawisha wageni katika nyumba ile ilikuwa ya wadogo, na wadogo wawili walikimbia kumpokea. Aliwapita. Akasimama mlango wa mbele, mzee wa mvi, mgonjwa wa juzi, birika limeinama tayari na maji hayajatoka.

"Nimeshakula, mzee," Machibya akasema, kama ilivyo adabu.

"Mikono yangu inatetemeka, Baba Shimba, sitalishika kwa muda mrefu. Nawa. Na wewe Mama Shimba, njoo. Karibuni ndani tule."